Godoro la Kukunjwa

Mwezi wa sita, baridi ya Katuba hupita chini ya mlango
kama mdai asiyebisha hodi.
Ndipo wanaponikumbuka
wale wa sponji zilizovuka mpaka wa Kasumbalesa
zimebanwa, zimefungwa kamba,
zikafunguliwa, zikavimba, zikasifiwa,
na mwaka haujaisha zimekwisha pumzi.

Mimi ni Ngoie, binti wa Mukalay fundi magodoro.
Sindano hii, ndefu kutoka kidole hadi kiwiko,
ilikuwa yake. Imepinda kufuata mkono wake wa kulia,
nami ni wa kushoto:
kila mshono ni ugomvi mdogo na marehemu.

Alifundishwa na Mjapani wa mgodi wa Musoshi,
Bwana Ishiwata, mpima miamba,
aliyekikataa kitanda cha kampuni,
cha springi, kilicholia usiku kucha kama mbuzi.
Alitaka godoro jembamba, la pamba tupu,
la kulazwa sakafuni,
na asubuhi kukunjwa mara tatu, kuingia kabatini.
Baba alicheka hadi akashika ukuta:
kitanda kinakwenda kulala, mwenyewe anakwenda kazini!

Alipoiona mikono ya yule mtu, akanyamaza.
Sisi tulikuwa tunashindilia
kama wajazao makaa guniani.
Yeye alitandaza,
tabaka kwa urefu, tabaka kwa upana,
katikati akaacha kilima,
maana katikati ndiko binadamu aliko mzito.
"Pembe," alisema, kwa Kiswahili chake cha mgodini,
"pembe ndiyo fundi."
Pembe nne tu. Wiki mbili baba anazishona, anazifumua.

Leo Mama Kabedi kaleta lake,
wavulana wawili wamelibeba kama mgonjwa.
Miaka ishirini na mitatu halijaona jua la ndani.
Nikakata uzi. Vumbi. Harufu ya mawese na dawa ya kifua.
Punje tatu za mahindi.
Na upande wa ukutani, shimo:
bega, nyonga, kisigino.

"Hapo usiguse."

Nikamwambia pamba haichambuliwi nusu.
Akasema basi nimpunguzie bei.
Nikasema bei ni ya kazi, si ya msiba,
na neno likiisha kutoka halirudi, hata ukilifukuza.
Akaketi juu ya ndoo, mgongo kwangu.

Chini ya nyonga, ndani ya pamba iliyoganda
kama ukoko wa bukari,
vidole vyangu vikakuta karatasi.
Tiketi ya treni. Kamina. Mtu mmoja.
Ya kwenda tu.
Haikutobolewa.

Aliishika mbali na macho, kisha karibu,
kisha mbali tena.
"Mwaka huu," akasema, "nilikuwa na mimba ya Mwadi."
Jirani akapiga kelele kumwita kuku, au mtoto.
Sikujua niweke wapi mikono.

"Piga."
"Lote?"
"Piga lote, Ngoie. Nipe na mimi fimbo."

Tukapiga. Pamba haina kinyongo:
uilalie miaka, uitolee jasho, uifiche siri,
ukiipiga juani inainuka
kama haijawahi kukufahamu.
Nusu yangu ilifurahi. Nusu ikaona ukatili.
Shimo likawa povu, povu likawa godoro,
na nyusi zetu zikawa za vikongwe.

Kuvuta kunataka watu wawili, uso kwa uso.
"Vuta." "Nimevuta." "Si hivyo, vuta kama unamfunika mtu."
Tukatandaza, tukageuza, tukafunga fundo kwa fundo.
Pembe zangu tatu zilikaa sawa.
Yake ilitoka mviringo, kama sikio.

Nilishika wembe niifumue.
Baba angeifumua.

Nikauweka chini.
Akalikunja mara tatu, akalitia begani mwenyewe,
wavulana wamekwisha kukimbilia mpira.
Tiketi ameifunga kwenye pindo la kitenge
pamoja na chenji yangu,
na ile pembe mbovu ikawa inamgusa shavuni
njia nzima, mpaka alipokata kona.